Usimwahidi Mtoto Utarudi

Kama utaenda mara moja tu, usiende. Najua nasema haya mbele ya watu wenye nia njema, wengine wao marafiki zangu, na najua kuna klabu ambazo tayari zimechapisha tisheti za muhula huu. Tisheti zikae. Zitafaa kwa mechi.

Ninaongea na makomredi wa Nchiru, wa Kaaga, wa Embu, na wale wa Chuka walio katikati ya njia. Safari ninayoisema mnaijua. Jumamosi asubuhi basi la chuo linatoka, saa nne limefika shuleni, juu kule Igembe au chini Mbeere, mahali ambapo lami iliisha kitambo. Watoto wameitwa siku yao ya kupumzika, wamevaa sare, wamepangwa mstari kwa urefu. Wanaimba. Mnagawa madaftari, kalamu, na sodo kwa wasichana ikiwa mfadhili alipatikana. Halafu anasimama mmoja wenu, mara nyingi yule wa mwaka wa tatu mwenye sauti, anasimulia jinsi alivyosomea koroboi, akatembea kilomita kadhaa bila viatu, na leo anasomea uhandisi. Makofi. Picha. Chai na mkate kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Na kabla ya basi kuwashwa lazima mtu aseme: "Tutarudi."

Kwenye kampasi hii inaitwa mentorship. Inaingia kwenye CV, inaingia LinkedIn, inaingia kwenye barua ya kuomba skolashipu ya kwenda ng'ambo, pale wanapouliza umeifanyia nini jamii yako. Cheti kinatolewa, chenye muhuri. Mtoto hapewi cheti, wala haulizwi baadaye kama aliwahi kushauriwa.

Ubaya uko wapi? Swali hilo huja kila nikianzisha ubishi huu, na huja na tabasamu la mtu anayejua ameshinda. Bora kidogo kuliko bure, si ndiyo? Nani aliumia kwa kupewa kalamu?

Kalamu haijamuumiza mtu. Tatizo ni lile neno la mwisho, pamoja na dakika ishirini zilizolitangulia, mlipokaa na watoto vikundi vikundi chini ya mti mkawauliza mnataka kuwa nani, nyumbani kukoje, ni nini kinawasumbua. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha matokeo kuhusu vijana zaidi ya elfu moja, wa miaka 10 hadi 16, waliokuwa wameomba kuunganishwa na mtu mzima wa kujitolea kupitia Big Brothers Big Sisters. Waliokaa na mtu mmoja mwaka mzima au zaidi walinufaika kuliko wote. Wale ambao uhusiano wao ulikatika kabla ya miezi mitatu walishuka. Imani yao juu ya nafsi zao ilipungua, na imani yao kwamba wanaweza masomo ikapungua pia. Marekani si Mbeere, sawa. Basi niambie ni kwa nini mtoto wa Kiritiri, ambaye watu wazima wa kumsikiliza ni wachache zaidi, aumie kidogo kuliko mtoto wa Marekani.

Miezi mitatu, na ninyi mnakaa masaa matatu.

Mimi nilikuwa kwenye ule mstari wa sare. Shule siitaji, na waliokuja siwataji. Mmoja wao alikuwa na kijitabu cha rangi ya buluu, akaandika majina yetu yote na kando ya kila jina ndoto ya mwenyewe: daktari, rubani, dereva wa lori. Muhula wote uliofuata, gari lolote likisikika barabarani kuna mtoto aliyeinuka kutoka kwa dawati. Mwalimu alichoka akatuambia tuache upuzi. Alikuwa na haki ya kuchoka, yeye ndiye aliyebaki nasi. Sijui kijitabu kilienda wapi. Nadhani kilibaki chini ya kiti cha basi. Lakini mtoto hajui kuhusu mitihani yako, hajui HELB imechelewa, hajui klabu imepata viongozi wapya wenye mambo yao. Anachojua ni kwamba aliongea na hukurudi, kwa hivyo alichoongea hakikuwa na uzito.

Sasa tuje kwa hotuba yenyewe. Nilikuwa maskini, nikajitahidi, nikafika. Wewe uliyekaa hapo kwenye nyasi ukijitahidi utafika, na usipofika... Sentensi hiyo hamuimalizi, mtoto huimaliza mwenyewe.

Chukua Igembe. Laare, Mutuati, Kangeta, karo inatoka kwenye mti wa miraa. Uholanzi iliipiga miraa marufuku Januari 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, na soko la London likafungwa. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za mzigo huo, na hazikuruhusiwa tena hadi Julai 2022. Watu walitia saini karatasi London na Mogadishu, na bei ikaanguka shambani. Bei ikianguka shambani, karo ndiyo ya kwanza kukosekana. Mtoto aliyerudishwa nyumbani mwaka ule alikosa bidii gani? Hata shule ya msingi, iliyotangazwa kuwa bure Januari 2003, muulize mama yeyote wa Tigania kuhusu bei ya sare, pesa za chakula cha mchana, pesa za mitihani ya majaribio. Atakucheka.

Na kuna mvulana ambaye hotuba yenu haimgusi kabisa. Yule mwepesi, anayepandishwa kwenye tawi ambalo lingevunjika chini ya mtu mzima. Anachuma alfajiri, mzigo unafungwa kwa majani ya mgomba, gari linaondoka mbio kuwahi Nairobi, naye anaingia darasani saa nne, siku akiamua kuingia, akiwa na noti mfukoni kuliko mwalimu wa BOM anayemfundisha. Wewe unashuka kwa basi unamwambia elimu ni ufunguo. Anakuangalia viatu. Anapiga hesabu, na hesabu yake siyo ya kijinga: huyu amesoma miaka kumi na sita na bado anaomba nauli nyumbani. Kumjibu mvulana huyo kunahitaji mtu wa kurudi Jumamosi baada ya Jumamosi, kubishana naye, kushindwa, kurudi tena. Kauli mbiu kwenye tisheti haitoshi.

Na hili niliseme kwa sauti ya chini kidogo. Wiki ya mitihani, kejani kwenu, ni jaba ya nani hiyo mnatafuna mpaka saa tisa usiku? Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, tulibishana mitandaoni kuhusu mkulima wa Mbeere, magavana, vijana wa Pwani na afya zao. Mtoto anayechuma hakutajwa sana. Huyo ndiye mnayeenda kumshauri.

Kisha kuna lugha. KUCCPS humtoa mtu Busia ikampeleka Nchiru, humtoa mwingine Kwale ikampeleka Embu, na kwa nchi hilo ni jambo zuri. Lakini mtoto wa gredi ya nne huko Mutuati hulia kwa Kimeru, na wa Ishiara hulia kwa Kimbeere. Kiswahili chako cha Nairobi anakielewa nusu, Kiingereza chako anakiitikia tu. Ukiuliza "mmeelewa?" atajibu "ndiyooo" pamoja na wenzake wote, kwa sababu hilo ndilo jibu la wageni. Asiyeijua lugha ana njia mbili: akae mpaka aijue kidogo, au aende na mwenzake anayeijua na akubali yeye mwenyewe kubeba maji na kupanga viti. Ya pili sijaona klabu ikiichagua. Kila mtu anataka kushika maikrofoni.

Haya yote ningeyavumilia kama hasara ingekuwa ni huzuni ya muhula mmoja tu. Kuna jambo zito zaidi.

Siku moja, kwenye kile kikundi chini ya mti, msichana wa miaka kumi na miwili atakuambia kitu. Hatakiambia mwalimu, kwa sababu mwalimu anamjua mjomba wake. Atakuambia wewe kwa sababu wewe ni mgeni, ni kijana, umetabasamu, na umesema uko pale kwa ajili yake. Utafanya nini? Basi linaondoka.

Meru inajua jambo hili kuliko miji mingi. Oktoba 2012, wasichana kumi na mmoja, pamoja na shirika la Ripples International lililokuwa limewapa hifadhi mjini Meru, walienda Mahakama Kuu ya Meru kuwashtaki polisi. Walikuwa wamenajisiwa, wengine na watu wa nyumbani mwao, wakapiga ripoti, na polisi hawakuchunguza inavyopaswa. Wengine waliulizwa maswali ya kuwadhalilisha. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kwa uzembe huo polisi walikiuka haki za watoto hao, akaagiza wachunguze kesi zao ipasavyo. Duniani kesi hiyo inajulikana kama ya wasichana 160, kwa sababu nyuma ya wale kumi na mmoja kulikuwa na wengine wengi. Nataka makomredi wa mji huo waisome, iko kilomita chache kutoka kitandani mwao. Waangalie pia ni nani aliyesimama na watoto hao: watu waliowalaza, wakawapeleka hospitali, wakawarudisha kituoni mara ya pili na ya tatu, wakaandika tarehe na majina, wakangoja. Hakuna kati ya hayo linalofanyika kwa ziara ya siku moja.

Kwa hivyo kabla hujakaa chini ya mti na mtoto yeyote, ujue haya. Usimwahidi kuweka siri, kwa sababu hutaweza kuiweka na hupaswi. Kama amedhulumiwa kimwili, hospitali ni ndani ya saa 72, la sivyo dawa za kuzuia virusi hazifai tena. Namba 116 ya watoto hupigwa bure. Kila kaunti ndogo ina afisa wa watoto. Jua ofisi yake iko wapi, ingia umsalimie kabla hujamhitaji. Jina la mtoto halitajwi kwenye ripoti ya klabu, na uso wake hauingii Instagram. Nimekutana na viongozi wa klabu ambao hawakujua hata moja kati ya haya na walikuwa na bango la mita tatu.

Na kuna upande wa pili, ambao wanaume wa kampasi hawapendi nikiutaja. Mwalimu akimgusa mwanafunzi, TSC inaweza kumfuta kwenye rejista. Tangu 2010 ina waraka unaowalazimu walimu kuripoti dhuluma za namna hiyo. Wewe uko kwenye rejista gani? Umefika na tisheti na tabasamu, miaka ishirini na miwili, umewapa wasichana wa sekondari namba yako "kama kuna swali la hesabu". Saa nne usiku swali la hesabu linageuka kuwa "umelala?" Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inakufikia vizuri tu, lakini hufika wakati mtoto ameshaumia. Klabu inayopeleka watu shuleni bila kujua ni nani inawapeleka, bila barua ya mkuu wa shule, bila sheria kwamba hakuna anayekaa peke yake na mtoto na hakuna namba zinazobadilishwa, inacheza na watoto wa watu.

Kinachonishangaza ni kwamba tunafanya haya mahali ambapo ushauri una historia ndefu. Mvulana wa Meru au wa Embu akitahiriwa, huwa kuna kijana aliyempita kidogo umri ambaye kazi yake ni kumwangalia mpaka apone. Anamletea chakula, anamfunza, anajibu mbele ya wazazi likitokea lolote. Siipambi mila hiyo. Kuna nyumba za Desemba zenye viboko, pombe na unyang'anyi, na wasichana hawakuwahi kupata kitu cha maana cha kulingana nayo. Lakini ona ilivyopangwa: mtu mmoja kwa mtoto mmoja, wiki nzima nzima, na jina lake linajulikana kijiji kizima. Babu asiyejua neno mentorship angewauliza swali moja tu: mtoto huyu ni wa nani kati yenu?

Nchiru ina funzo lingine. Makao ya Njuri Ncheke yako huko huko, jirani na chuo. Mwaka 1956 wazee wa Njuri, wakisukumwa na serikali ya mkoloni, walipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru. Wasichana walijibu kwa kujikeketa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajikata mwenyewe. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana wakiwemo, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Nia ya amri ilikuwa njema kwa mwili wa mtoto. Ilitoka juu, ikasomwa, waliosoma wakaenda zao. Nikiona basi likipanda Tigania likizo ya Desemba kwenda kuhutubia kuhusu ukeketaji kwa saa moja na nusu, huwafikiria wasichana wale.

Mtaniambia: sisi wenyewe hatuna kitu. Kweli. Tangu mfumo mpya wa kugharamia vyuo uje 2023 kuna komredi ambaye hajui anadaiwa kiasi gani na anakula mara moja kwa siku. Ndiyo maana basi linanishangaza hata zaidi. Pesa za kulikodi, mafuta, tisheti, bango na chakula cha wageni ni makumi ya maelfu ya shilingi. Na mtoto mnayemtafuta kilomita sitini kutoka kampasi anawauzia mayai boilo getini saa mbili usiku. Mwingine ni mjukuu wa mwenye ploti mnayomlipa kodi ya bedsita. Mwingine hukaa kwa kibanda cha mama mboga akifanyia hesabu juu ya gunia la viazi. Kwake mnaenda kwa miguu, na mvua ikinyesha bado mtafika. Sababu ya kumruka ni kwamba yeye anawajua. Anajua nani alirudi amelewa Ijumaa. Mbele yake huwezi kuwa hotuba.

Na mnacho kitu cha kumpa, kingine kabisa kuliko hadithi ya koroboi. Mnajua fomu. Sicheki. Komredi yeyote amepitia HELB, KUCCPS, eCitizen. Anajua kuskani, kupakia, kupoteza nywila na kuirudisha. Bibi anayelea wajukuu watatu Mbeere hajui fomu ya basari ya NG-CDF inatoka lini, wala kwamba ya kaunti ni nyingine, wala kwamba ile ya kwanza ilikataliwa kwa sababu chifu hakupiga muhuri. Hajui kwamba mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atapata shida kusajiliwa kwa mtihani wa kitaifa, na akijua anajua wiki ya mwisho. Mmoja wenu akimshikia bibi huyo mkono kutoka kwa chifu hadi ofisi ya usajili, amemfanyia mtoto huyo zaidi ya wasemaji wote wa mwaka.

Ninachodai basi ni kidogo na ni kigumu. Watu watano kutoka klabu, watoto watano, shule moja unayoweza kufika kwa miguu. Siku moja kila wiki, saa moja na nusu, mbele ya macho ya mwalimu. Mwaka mzima, na likizo ndefu ya chuo ipangwe kabla: nani anabaki, nani anamrithi nani, na mtoto aambiwe mapema, kwa jina, "nitaondoka Aprili, huyu ndiye atakuja." Wa mwaka wa nne wasianze. Anayejua kwamba Mei anaenda atachimenti Nairobi aseme hivyo siku ya kwanza, na apewe kazi ya fomu badala ya mtoto. Walimu wanafunzi wanaoenda mazoezi ya kufundisha hukaa muhula mzima, na hata wao huacha vilio wakiondoka, waulizeni walivyoaga.

Mwenyekiti wa klabu atasema hesabu hii haipendezi kwenye ripoti. Mwaka jana "tulifikia" watoto mia tatu, mwaka huu tuandike watano? Andika watano. Mfadhili akikataa, mwambie aende mwenyewe akawasimamie wale mia tatu, atueleze hata majina kumi. Na skolashipu yako, wakikuuliza uliifanyia nini jamii, utakuwa na jibu ambalo wengine mia nne walioomba hawana: jina la kwanza la mtoto, alichokuwa hawezi Januari, anachoweza sasa, na ni nani aliyeachiwa zamu yako.

Basi lilikodishwa tayari? Kuna wanaotaka kwenda kuona mechi Kinoru. Yule wa mayai atakuwa getini leo jioni. Nunua moja, muulize anasoma darasa gani na nyumbani kwao ni wapi, halafu kesho upite tena.